Baba Alivyoisimulia Picha ya Mji wa Juu

Ilikuwa harufu ya siki. Nilikuwa Kisumu, katika safari zangu hizi zisizoisha za kununua nguo mji mmoja na kuziuza mji mwingine, nikapita kwa muuzaji wa vitu chakavu aliyekuwa amefungua mkebe mpana wa bati. Ndani mlikuwa na utepe mweusi wa filamu, umejikunja na kukakamaa. Alikuwa akiukata vipande na kuwauzia watu wafungie miche.

"Inanuka lakini haiozi, mama," aliniambia. "Hii ukifunga mti, umefunga."

Sikununua. Niliinama pale kama mtu aliyedondosha kitu, nikiivuta ile harufu, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Filamu za zamani hunuka siki zinapoanza kufa. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, kwa sababu stoo ya ukumbi wa sinema alikofanya kazi baba yangu ilinuka hivyo, na shati la Baba lilinuka hivyo kila aliporudi nyumbani kwetu Bukoto, mjini Kampala. Nimeishi miji mingi tangu wakati huo, na hakuna hata mmoja ulionishika. Nikikaa mahali mwaka mmoja, miguu inaanza kuwasha. Lakini siku ile pale Kisumu miguu ilikataa kuondoka.

Ukumbi wenyewe ulikuwa katikati ya Kampala, si mbali na soko la Kikuubo. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mnene, mpole, aliyekuwa akitugawia njugu tulipokwenda kumngoja Baba. Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, aliondoka na mkewe na sanduku, akaacha viti, mashine, taa, na zile filamu zilizokuwa stoo. Ukumbi ukapewa kapteni mmoja wa jeshi. Alipewa duka la viatu pia, na nyumba yenye bustani. Ninyi mliokua wakati ule mnakumbuka watu kama yeye tuliwaitaje: mafuta mingi. Waliamka siku moja wakiwa na maduka ya watu, na baada ya muda mfupi maduka yakawa matupu, na sisi tukawa tunapanga foleni ya sabuni, foleni ya chumvi, foleni ya kitu ambacho hata waliosimama mbele hawakujua ni nini.

Kapteni hakuwa na njia ya kupata filamu mpya. Kwa hiyo zilionyeshwa zile zile alizoziacha Mhindi, wiki hii na wiki ijayo, mwezi huu na mwezi ujao, tena mchana, maana jioni kila mtu alitaka kuwa amejifungia kwake. Na watu waliendelea kuja, kwa sababu ya Baba.

Kazi ya Baba ilikuwa kusimama kando ya pazia la sinema, na kipaza sauti mkononi, na kuyageuza maneno ya Kiingereza yawe Kiswahili huku picha ikiendelea. Ndani ya ukumbi walikaa askari kutoka kaskazini, wafanyabiashara wa Kongo, wapagazi wa Kikuubo na wanawake wa soko la Kalerwe, na hiyo ndiyo lugha iliyowakutanisha wote. Baba alikuwa nayo tele. Babu yake alifika Buganda na misafara ya nguo kutoka pwani, akaoa, akabaki, na nyumbani kwao walizungumza Kiswahili kama watu wanaotunza chombo cha udongo. Kiingereza alikipata kwa wakili mmoja ambaye yeye Baba alimfanyia kazi ya kupokea wageni. Watu walimwita Msemaji.

Mama alikuwa tofauti. Yeye ni binti wa sajini wa polisi, amezaliwa kambini, na alizungumza kama watu wa kambini, ambao kwao 'nakula' ni mimi, ni wewe, ni yeye.

"Mke wangu," Baba alikuwa akimwambia, "Kiswahili chako kinatembea na buti."

"Na yako natembea na ndara," Mama anajibu bila kuinua macho kwenye sufuria. "Kwa hivyo iko polepole. Kula, chakula napoa."

Siri ya Baba ilikuwa hii: picha haikubadilika, lakini maneno aliyabadilisha. Mtu aliyekuwa mwizi wiki iliyopita, wiki hii Baba anamfanya mkwe anayedai mahari. Watu walilipa tena kuja kusikia safari hii Msemaji atasema nini. Mimi sikuelewa hivyo hata kidogo. Nilifikiri wale watu wa kwenye pazia wanaishi huko nyuma yake, wanabadilisha mawazo, wanagombana na kupatana tusipokuwapo. Nilifikiri pia kwamba wanamsikia Baba. Akisema, "Sasa atageuka," mtu aligeuka. Mtoto gani angefikiri vinginevyo?

Kati ya filamu zile kulikuwa na moja niliyoiogopa na kuipenda kuliko zote. Sisi tuliiita Mji wa Juu. Ilikuwa habari ya dunia ya miaka ijayo. Kulikuwa na mji uliosimama juu ya nguzo ndefu kupita mawingu, nyumba zake za kioo, na watu wake walivaa nguo zilizometa kama karatasi ya sigara. Magari yao yaliruka. Chini ya nguzo, kwenye moshi na matope, waliishi watu wengine waliochimba mawe ya kuwashia taa za juu. Mara moja moja geti la juu lilifunguliwa, na watu wa chini wakakimbia kupanda njia ndefu ya chuma. Wachache waliofika kwanza waliingia. Wengine walikanyagwa, au walidondoka pembeni, na geti likafungwa.

Juu ya geti alisimama mzee mwenye kola ya dhahabu shingoni, akihutubia. Mara ya kwanza Baba alimtafsiri kama alivyo, neno kwa neno. Mzee alisema kwamba hakuna aliyemwonea mtu. Dunia yenyewe ndiyo iliyopanga hivyo tangu wanyama wa kwanza: mwenye nguvu hupanda, dhaifu huanguka, na anayemwonea huruma dhaifu anaharibu mbegu ya binadamu. Kapteni, aliyekuwa akikaa kwenye roshani peke yake, aliita kutoka juu:

"Musemaji! Ile maneno ya muzee, sema tena. Hiyo iko kweli kabisa!"

Baba akasema tena.

Tulikuwa tumekaa sakafuni karibu na miguu yake, mimi na mdogo wangu Sefu. Jumamosi Mama alikuwa kwenye foleni tangu asubuhi, kwa hiyo Baba alikwenda nasi kazini, mimi nikitembea, Sefu shingoni kwake. Sefu alipata polio akiwa mchanga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kama wa kiti, na alitembea kwa kulishika goti na kulisukuma. Katika picha ile, mwishoni, alikuwapo mtoto kama yeye. Mtoto wa chini, ana gongo, anajaribu kupanda na wenzake. Anaanguka mbele ya geti. Geti linafungwa. Vumbi linamfunika, unabaki mkono tu, na picha inakwisha juu ya mkono ule.

Siku ile ya kwanza Baba alipofika hapo alisita. Watu wakapiga mluzi wakidhani kipaza sauti kimekufa. Nilimwona akitazama chini, kwa Sefu, ambaye alikuwa amesimama kwa mguu wake mmoja mzima, kinywa wazi. Kisha Baba akasema, kwa sauti yake ile nzito ya ukumbini:

"Huyu amechoka tu. Anapumzika. Wakishageuka, ataamka. Kuna mlango mwingine nyuma, watu wa chini wote wanaujua."

Sefu akakaa chini. Njiani kurudi nyumbani aliuliza mambo mengi sana kuhusu huo mlango wa nyuma. Una ngazi? Baba akasema hauna ngazi, ni mteremko laini. Mlinzi je? Yupo, lakini ni rafiki.

Tangu hapo Baba hakuusema kamwe mwisho wa kweli. Na kwa kuwa ameshaanza kubadilisha mwisho, akabadilisha na mwanzo. Watu wa chini wakawa wanapanga foleni ya sukari. Mzee wa kola akaanza kusema kwa sauti ya wakubwa tuliowajua, polepole, tumbo mbele: "Mimi napewa hii mji kwa sababu niko na nguvu. Wewe unalala, mimi napewa. Sasa unalia nini?" Kisha akatokea mtu wa juu akiteremka kwenye gari lake linaloruka, na Baba akasema tu, "Mafuta mingi huyo, anakwenda dukani kwake kutazama rafu tupu."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Wanawake wa Kalerwe walijipiga mapaja. Askari waliangaliana kwanza, halafu wakacheka. "Mafuta mingi!" walipiga kelele kila kola ya dhahabu ilipoonekana. "Muzee ya mafuta! Teremuka!" Kapteni aliegemea ukingo wa roshani, akatazama chini.

Jioni ile Baba alikuwa na furaha. "Na Kapteni pia amecheka," alimwambia Mama.

Mama alikuwa anachagua mchele. "Nacheka na meno ama nacheka na macho?"

"Kucheka ni kucheka."

"Hapana. Mimi nazaliwa kambini, najua askari. Sikiliza, Baba Sefu. Ile kizungu nasema nini, wewe sema hiyo. Usiongeze hata chumvi."

"Nikisema hiyo, Sefu atasikia."

"Basi Sefu nabaki nyumbani."

"Na wenzake? Unajua ni vilema wangapi wanaokaa pale mbele, kwa kuwa ni bei rahisi? Siwezi kushika kipaza sauti nikamwambia mtoto kwamba kufa kwake ndiyo mpango wa dunia. Kola yake mzee yule aivae mwenyewe."

Mama akasukuma ungo pembeni. "Wao hawaui mwenye mguu mubaya. Wanaua mwenye mudomo."

Nililala na neno hilo lakini halikuingia. Mimi nilikuwa na hakika yangu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwenye pazia, si mara moja, kwamba wanaoanguka ni dhaifu. Na wiki ile ile tulikuwa tumempeleka Sefu kliniki, nesi akaupima mguu wake kwa utepe, akatikisa kichwa na kumnong'oneza Mama. Nilijua kinachokuja. Kulikuwa na magari mjini yaliyochukua watu, hata watoto tulijua hivyo ingawa hakuna aliyetuambia. Nikajiwekea kazi: siku wakija kumchukua Sefu, wasimwone.

Kabla siku hiyo haijafika, Kapteni alimwita Baba. Baba alitusimulia akijaribu kuifanya kichekesho, akiigiza sauti.

"'Musemaji, mimi naangalia hii picha mara mingi. Hiyo mulango ya nyuma iko wapi? Mimi sioni mulango.' Nikamwambia, Afande, ni maneno ya kuwafurahisha watoto. 'Watoto? Watu yangu yote nauliza hiyo mulango. Askari yangu nauliza. Watu ya chini nataka kuingia kwa nyuma, eh? Watafanya nini huko ndani?'"

Baba alicheka peke yake. Mama aliinuka akaenda kusimama dirishani, na hakurudi mezani.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kwenda foleni, Mama alimzuia mlangoni. Alimshika shati kwa mikono miwili, mbele yetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Leo unasema mutoto nakufa," alimwambia. "Leo moja tu. Niahidi." Baba akasema, "Nimesikia." Akamwinua Sefu, akamweka shingoni. Na ilipofika mwisho wa picha, nikiwa nimekaa karibu na miguu yake, nilimwona akimtazama Sefu. Kisha ile sauti: "Huyu amechoka tu. Anapumzika."

Walikuja Jumapili, wakati wa chakula cha mchana. Gari lilisimama chini ya fleti zetu, na ghafla watoto wote waliokuwa wakicheza nje wakanyamaza. Nilichungulia. Wanaume wamevaa mashati ya maua na viatu vya soli nene, wakipanda ngazi bila haraka. Sikusubiri. Nilimvuta Sefu kutoka mezani, nikamlaza nyuma ya gunia la makaa jikoni.

"Lala kama yule mtoto," nikamwambia. "Usipumue."

Akalala. Alilala vizuri sana, mkono mmoja mbele, kama kwenye picha.

Waliingia na adabu. Mmoja hata alimwomba Mama radhi kwa kuingilia chakula. "Musemaji, kuja kidogo," akasema. "Kapteni nataka wewe natafusiri kitu. Dakika kidogo tu."

Baba aliosha mikono. Alitafuta viatu vyake chini ya kiti.

"Viatu ya nini?" yule mtu akamwambia. "Naenda hapa tu."

Mwenzake alikuwa ametembea mpaka mlango wa jikoni. Alimwona Sefu sakafuni. Niliona anamwona. "Huyu nini?" akauliza.

Baba akageuka. Akatutazama, kwanza Sefu, kisha mimi niliyesimama mbele ya gunia nimetanua mikono, na akaelewa tunachofanya. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo nimejaribu kuieleza miaka yote hii na siwezi.

"Huyu amechoka tu," alisema, kwa ile sauti ya ukumbini. "Anapumzika."

Yule mtu akapandisha mabega. Wakatoka, Baba katikati, miguu mitupu. Nilisikiliza hatua zao mpaka chini, nikasikia milango ya gari, nikasikia gari likiondoka. Ndipo nikamgusa Sefu, naye akafungua macho.

"Wameniacha?"

"Wamekuacha!"

Tulikumbatiana. Tuliruka, yeye kwa mguu mmoja, akinishika bega. Tulikuwa tumewashinda. Tulicheka kwa nguvu mpaka nikamwona Mama amesimama katikati ya chumba, anatutazama, na kitambaa cha mezani kimejaa mdomoni mwake.

Watu wakituuliza tulisema Baba amesafiri. Kila nyumba iliyokuwa na pengo ilisema hivyo, na aliyeuliza alisema, "Aa, safari njema," na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya muhogo. Shangazi, dada yake Baba, alikuja akamwambia Mama akae eda kama sheria inavyotaka. Mama alikataa.

"Nani nasema amekufa? Nani naona maiti? Wifi, mimi siwezi kukaa eda ya mutu ya kusafiri."

Aliendelea kupika kwa watu wanne. Sahani ya Baba ilifunikwa, na asubuhi tuliila ikiwa baridi.

Mwishowe alitutia nguo safi, akatupeleka ukumbini kumwona Kapteni. Nadhani alitumaini kwamba watoto wawili, mmoja na mguu ule, wataweza kile ambacho maneno yameshindwa. Ofisi ilikuwa juu, na dirisha dogo lililotazama ndani ya ukumbi. Picha ilikuwa inaendelea. Ilikuwa ni ile ile, na kando ya pazia alisimama kijana wa jeshi ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Watu walikuwa wachache. Hakuna aliyecheka.

Kapteni alikuwa anakula kuku. Alimkaribisha Mama kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo nitasema kwa haki yake.

"Mama," alisema, "mimi napenda ile mutu. Lakini dunia iko namna gani? Mwenye nguvu napanda, mwenye kuchoka naanguka. Si mimi naifanya. Hata watu ya sayansi nasema. Hata picha nasema."

"Bwana yangu hakusema hivyo," Mama akajibu.

"Ndiyo, hakusema." Akafuta vidole kimoja kimoja. "Enda nyumbani, mama. Usipike tena ya watu ine. Pika ya watu tatu."

Kutoka dirishani ikaja sauti ya yule kijana, safi, haina chumvi: "Sasa mutoto naanguka. Geti nafungwa. Mutoto nakufa. Picha namaliza."

Taa zikawaka. Mama aliinuka bila kuaga. Tuliteremka, tukapita kati ya watu wanaotoka, na barabarani Sefu akamvuta gauni.

"Mama. Amekosea, eh? Yule mtoto amelala tu?"

Mama aliendelea kutembea. Kisha akasimama, akachuchumaa mbele yake, akamshika mabega. "Nakufa, mwanangu," akamwambia. "Kweli nakufa."

Sefu alilia kwa sauti kubwa, kama mtu aliyechomwa, kichwa nyuma, mbele ya watu wote. Sikujua anamlilia nani, na sidhani yeye alijua. Mama hakumnyamazisha. Alimbeba mgongoni ingawa alikuwa ameshakuwa mzito, na tukaishika barabara ya kwenda Bukoto. Watu walitupisha wakitazama pembeni, maana wakati ule kilio cha hadharani kilikuwa kama moto, hakuna aliyetaka kukikaribia.

Mwanamke mmoja tu, aliyekuwa na beseni la ndizi kichwani, ndiye aliyeuliza, kwa huruma. "Bambi, mutoto nalilia nini?"

Mama alimtazama. Angeweza kusema njaa. Angeweza kusema mguu.

"Amefiwa," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kwa Kiswahili cha Baba. "Amefiwa na baba yake."

Yule mwanamke alitazama nyuma, akatazama mbele. Kisha akashusha beseni, akapiga magoti kwenye vumbi la barabara kama wanawake wa Buganda wanavyompigia magoti mwenye msiba, akainua uso kwa Sefu pale mgongoni, akampa pole kwa Kiganda, akimwita bwana, kama anavyopewa mwanamume mwenye nyumba yake:

"Kitalo nnyo, ssebo."